Buibui wa Brooklyn: Filamu ya katuni inayostahili kutazamwa

Usiku wa Jumapili tarehe 24 Februari mwaka 2019, katika ukumbi wa Dolby mjini Los Angeles, waongozaji watatu walipanda jukwaani pamoja na watayarishaji wao kupokea tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Mmoja wao, Peter Ramsey, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo tangu ilipoanzishwa. Wenzake walikuwa Bob Persichetti na Rodney Rothman. Filamu yenyewe ni Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyoingia katika majumba ya sinema ya Marekani Desemba mwaka 2018.

Kwa miaka sita mfululizo kabla ya usiku huo, tuzo hiyo haikuwa imetoka nje ya Disney na kampuni yake tanzu ya Pixar. Safari hii ilikwenda kwa kampuni ya Sony, kwa kisa cha kijana wa mtaa wa Brooklyn, mjini New York, anayeng'atwa na buibui.

Kwa watu wazima wengi, na hasa waliokulia mbele ya redio, neno katuni linamaliza mjadala: hayo ni mambo ya watoto, wapewe bisi wakae kimya. Ukiongeza kwamba ni katuni ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, dharau inazidi. Filamu hii inamstahilia mtu mzima muda wa saa mbili hivi, na ili kuona ni kwa nini, inafaa kurudi nyuma miaka themanini, kwenye siku ambazo mashujaa wa aina hii walianza kuchorwa.

Dola 130

Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, waliuza haki zote za shujaa waliyembuni kwa dola 130. Mmoja alikuwa mwandishi, Jerry Siegel. Mwingine mchoraji, Joe Shuster. Wote wawili walikuwa wana wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya. Shujaa wao, Superman, alitokea katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics, la Juni mwaka huo.

Msomaji aliyepata kuishi ugenini hahitaji kuelezwa sana kisa hicho kilitoka wapi. Mtoto anasafirishwa na wazazi wake kutoka nchi inayoangamia, anafika mahali ambapo hakuna anayejua asili yake, anapewa jina jipya, anajifunza kuvaa suti na miwani na kuongea kama wenyeji, na nguvu zake za kweli anazificha. Siegel na Shuster walikuwa wakisimulia habari za majirani zao.

Dola zile 130 ziliwatesa maisha yao yote. Superman aliwatajirisha wengine, nao walishindwa kesi mahakamani wakaishia kufanya vibarua. Ilikuwa mwaka 1975, filamu kubwa ya shujaa huyo ilipokuwa ikiandaliwa na magazeti yalipokwisha kuizungumza aibu hiyo, ndipo kampuni ya Warner ilipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi yao. Shuster wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa mabovu.

Kutoka gazetini hadi kwenye pazia la sinema, Superman alipitia mikononi mwa mhamiaji mwingine. Max Fleischer alizaliwa Kraków, mji ambao leo uko Poland, akaletwa New York akiwa mtoto. Mwaka 1915 alivumbua mtambo uliomwezesha mchoraji kufuatisha kwa kalamu, picha baada ya picha, mwendo wa mtu halisi aliyepigwa filamu. Yeye na nduguye Dave ndio walioleta kwenye sinema Betty Boop na Popeye, baharia mla mchicha.

Mwaka 1941 kampuni ya Paramount iliwataka ndugu hao watengeneze katuni za Superman. Inasimuliwa kwamba Dave hakuitaka kazi hiyo, akataja bei ya dola 100,000 kwa filamu ya dakika kumi akitumaini kwamba wenye kampuni watakimbia. Hawakukimbia, walipunguza bei kwa nusu, wakakubaliana. Filamu ya kwanza ilitoka Septemba mwaka 1941 na ikapendekezwa kuwania Oscar. Kufikia mwaka 1943 zilikuwa zimetoka 17, ingawa nane za mwisho zilitengenezwa baada ya ndugu wa Fleischer kuondolewa katika studio waliyoijenga wenyewe.

Anayezitazama filamu hizo leo atashangaa. Vivuli ni vizito, taa za mji zinamulika kama katika filamu za kijasusi, na mitambo inatembea kwa uzito wa chuma kweli. Katika majarida Superman alikuwa akiruka kama panzi, kutoka paa hadi paa. Kwenye sinema mrukaji wa namna hiyo alionekana kichekesho, na kadiri filamu zilivyoendelea akawa anapaa kama ndege. Hivyo ndivyo anavyojulikana hadi leo.

Lakini katika fungu hilohilo la filamu 17 imo moja ya mwaka 1943 iitwayo Jungle Drums. Ndani yake ndege inatunguliwa juu ya msitu, na weusi waliochorwa kama mazimwi wanamtii afisa wa Kinazi aliyejifunika joho, wakimwona kuwa mungu wao. Mwanamke mweupe anafungwa kwenye mti ili achomwe moto. Shujaa anatua na kuwasambaratisha. Hakuna hata mweusi mmoja mwenye jina. Filamu nyingine ya mwaka 1942, Japoteurs, iliwafanya Wajapani kuwa wahujumu wenye meno ya panya, katika mwaka uleule ambao Wamarekani wenye asili ya Japani walikuwa wakitolewa majumbani mwao na kuwekwa kambini.

Kwa hiyo uzuri wa kalamu na ubaya wa macho vilikaa meza moja tangu mwanzo. Wana wa wahamiaji walibuni mkimbizi wa kuokoa dunia, na miaka mitano baadaye dunia hiyo ilikuwa tayari imegawanywa kati ya wanaookoa na wanaochekesha. Ni historia ambayo waongozaji wa mwaka 2018 hawakuitaja popote katika filamu yao, lakini waliibeba.

Vazi linalofunika mwili mzima

Buibui mwenyewe alizaliwa Agosti mwaka 1962, katika toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy. Mwandishi alikuwa Stan Lee, na mchoraji Steve Ditko. Mchapishaji hakumtaka: watu wanachukia wadudu, na kijana wa shule anaweza kuwa msaidizi wa shujaa, hawezi kuwa shujaa mwenyewe. Jarida lile lilikuwa linafungwa, ndiyo maana Lee aliruhusiwa kumjaribu humo. Likauzika kupita matarajio.

Peter Parker alikuwa yatima aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe, May. Alikuwa na shida ya kodi ya nyumba, shida ya wasichana na shida ya dhamiri, kwani ami yake aliuawa na mwizi ambaye Peter alikuwa na uwezo wa kumzuia akapuuza. Mashujaa waliomtangulia walikuwa hawana kodi ya nyumba.

Ditko ndiye aliyebuni vazi, na vazi hilo lilikuwa na jambo moja geni: lilifunika mwili mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni, hata macho. Superman alionyesha uso wake, Batman kidevu chake. Wa huyu hauonekani kabisa. Katika Kiswahili jambo hili lina utani wake wa bure, maana neno buibui ni mdudu na pia ni vazi jeusi wanalojistiri nalo wanawake wa pwani. Stan Lee mwenyewe, uzeeni, alipata kueleza kwamba faida ya vazi hilo ni kuwa msomaji wa rangi yoyote angeweza kujiona ndani yake.

Ilichukua miaka 49 kabla ya mtu kuichukulia kauli kama hiyo kwa uzito wake. Katikati hapo mambo yalisogea kidogo kidogo. Mwaka 1966 Black Panther alitokea katika majarida ya kampuni ileile ya Marvel. Mwaka 1967 Spider-Man alipata katuni yake ya kwanza ya televisheni, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo hivi kwamba picha zilezile za kubembea zilirudiwa kila kipindi. Mojawapo, ya Buibui wawili waliovaa sawa wakinyosheana vidole, imekuwa kichekesho cha intaneti duniani kote na imetiliwa mzaha mwishoni kabisa mwa filamu ya 2018. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2004 watoto wa Marekani waliona Static Shock, katuni ya kijana mweusi mwenye nguvu za umeme. Na mwaka 2004 Brad Bird wa Pixar alitoa The Incredibles, filamu iliyothibitisha kuwa katuni ya mashujaa inaweza kuzungumzia ndoa na umri wa makamo.

Agosti mwaka 2011 mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Mwitalia Sara Pichelli walimleta Miles Morales. Katika mfululizo mmoja wa majarida Peter Parker alikuwa amekufa, na aliyevaa vazi lake alikuwa mvulana wa Brooklyn, baba yake Mmarekani mweusi, mama yake mwenye asili ya Puerto Rico. Baadhi ya wasomaji walifurahi. Wengine walinung'unika kwamba huyo si Spider-Man wa kweli.

Manung'uniko hayo ndiyo yaliyogeuzwa kuwa kisa cha filamu. Miles anang'atwa na buibui na kupata nguvu, lakini Buibui wa mji wake yupo tayari: mweupe, mwenye nywele za dhahabu, anapendwa, na ana santuri yake ya nyimbo za Krismasi. Muda mfupi baadaye anauawa mbele ya macho ya Miles. Mji mzima unaomboleza kwa kuvaa vinyago vyake. Kijana ananunua vazi dukani kwa mzee mmoja aliyechorwa kwa sura ya Stan Lee, ambaye anamwambia kwamba hatimaye litamtosha tu. Nyuma yake pana kibao kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Ami na baba

Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili kinalazimika kuchagua, na katika filamu hii uchaguzi huo una maana. Aaron Davis ni ami wa Miles, ndugu wa baba, na moyo wa filamu ni ugomvi wa ndugu wawili uliopita kichwani mwa mtoto. Jefferson ni askari polisi, mnyoofu, asiyejua kuonyesha mapenzi bila kuyageuza kuwa amri. Anamfikisha mwanawe shuleni kwa gari la polisi na kumlazimisha, kwa kipaza sauti, mbele ya wanafunzi wote, aseme kwamba anampenda baba yake. Aaron ana muziki, ana mzaha, anajua mahali pa siri chini ya reli ambapo kijana anaweza kuchora ukutani kwa rangi ya kupuliza. Mtoto gani asingemkimbilia huyo wa pili?

Aaron pia ni muuaji wa kukodiwa. Miles anakuja kuligundua hilo, na ami naye, akiwa amemkaba koo Buibui mdogo juu ya paa, anaona uso wa mtoto wa nduguye pale kijana anapojivua barakoa. Anamwachia. Bwana wake anampiga risasi hapohapo. Jefferson anafika, anaikuta maiti ya nduguye na kumwona aliyevaa vazi la Buibui akikimbia; anatangaza kwa redio asakwe. Askari anamsaka mwanawe mwenyewe bila kujua.

Kinachofuata ndicho kinachoipandisha filamu hii juu ya wenzake. Miles amefungwa kwa utando kwenye kiti katika bweni lake, mdomo umezibwa. Buibui wengine, waliotoka katika dunia nyingine, wamemwona hayuko tayari na wamemwacha nyuma kwa usalama wake. Baba anakuja kugonga. Anajua mtoto yumo, anaona kivuli chini ya mlango, anadhani amenuna. Basi anaongea na mlango. Anataka kumpa habari ya msiba, anashindwa. Anaishia kumwambia kwamba anaona cheche ndani yake na kwamba yeye atachagua mwenyewe la kufanya nayo. Mtoto anasikia kila neno na hawezi kujibu. Hakuna risasi wala mlipuko, na pazia la sinema limegawanywa mara mbili kama ukurasa wa jarida, baba upande huu, mwana upande ule, ukuta katikati.

Wazazi waliolelea watoto London, Muscat au Minneapolis wanaufahamu mlango huo.

Watalifahamu na jambo jingine. Mama, Rio, ni muuguzi, na nyumbani anachanganya Kihispania na Kiingereza. Miles anapopita mtaani kwao anawajibu watu kwa lugha waliyomsalimia. Watengenezaji hawakuweka tafsiri chini ya picha. Mtazamaji asiyejua Kihispania anaachwa aelewe kwa sauti na uso, kama anavyofanya mgeni yeyote katika nyumba ya watu. Kijana anatumia jina la ukoo la mama, jambo litakalowashangaza wengi waliozoea mtoto kuitwa kwa jina la babaye. Baba kwa upande wake anaitwa Jefferson Davis, sawasawa na rais wa majimbo ya kusini yaliyopigana kati ya 1861 na 1865 ili utumwa ubaki. Ni mzaha mchungu wa waandishi wa majarida, na katika filamu ya pili ya mwaka 2023 anatumia jina la Morales.

Nukta za rangi

Tangu Toy Story ya mwaka 1995, filamu ya kwanza ndefu kutengenezwa yote kwa kompyuta, kampuni kubwa zilikuwa zikishindana kwa ulaini: unywele mmoja mmoja, maji yanayong'aa kama maji. Watengenezaji wa Spider-Verse walikwenda kinyume. Walitaka kompyuta iige karatasi mbaya ya majarida ya bei nafuu.

Majarida ya zamani yalichapwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi, kwa kuwa wino ulikuwa ghali. Mara nyingi rangi hazikukaa sawa: nyekundu ilitoka kidogo nje ya mstari, buluu ikabaki nyuma. Katika filamu hii nukta hizo zimo kwenye nyuso za watu, na pale ambapo filamu nyingine ingefifiza mandhari ya mbali, hii inazitenganisha rangi kama chapa iliyokosewa. Kosa la mtambo wa uchapaji wa miaka ya 1960 limekuwa njia ya kuonyesha umbali.

La pili ni mwendo. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Katuni za kompyuta kwa kawaida humsogeza mhusika katika kila picha, na matokeo yake ni mwendo laini. Hapa, mara nyingi kila mkao unashikiliwa kwa picha mbili, kwa hiyo katika sekunde moja kuna mikao 12 tu, na kila mmoja unakaa jichoni kama mchoro. Kuna tukio la msituni ambapo Miles anajifunza kubembea pamoja na Peter B. Parker, Buibui wa makamo mwenye kitambi na talaka, kutoka dunia nyingine. Peter anasogea katika kila picha. Miles kwa kila picha mbili. Mtazamaji hahesabu, lakini anaona kwamba mmoja anajua na mwingine anakwamakwama. Ukosefu wa uzoefu umeandikwa ndani ya hesabu ya picha.

Kazi hiyo ilikuwa ya jasho. Watayarishaji Phil Lord na Christopher Miller wameeleza kwamba ilichukua takribani mwaka mzima kupata sekunde kumi zilizowaridhisha. Wahuishaji wa studio ya Imageworks iliyoko Vancouver, Canada, walikuwa zaidi ya 140. Bajeti ilikuwa dola milioni 90, ambayo kwa filamu za Hollywood za aina hiyo si kubwa, na mapato ya dunia nzima yalipita dola milioni 370.

Yote haya yanakutana katika tukio moja. Miles ameng'oa utando, amekwenda kwa May, amechukua vazi la marehemu na kulipulizia rangi nyeusi kwa mikebe ileile aliyofundishwa kutumia na ami yake. Anasimama ukingoni mwa jengo refu, vidole vimenata kwenye kioo kwa woga. Anajirusha, kioo kinapasuka kwa kuwa mkono haukutaka kuachia. Halafu picha inageuzwa juu chini, na kijana anayeanguka anaonekana akipaa kuelekea taa za mji. Ni picha iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingi zilizopigwa kwa waigizaji halisi katika muongo ule.

Kasoro zake

Filamu haikukamilika. Adui mkuu, Kingpin, amechorwa kwa ubunifu, jitu jeusi la suti lenye kichwa kidogo katikati ya kifua, lakini sababu yake, kuwarejesha mke na mtoto aliowapoteza, inapita haraka mno. Buibui wengine watatu, mpelelezi wa miaka ya 1930, msichana wa Kijapani mwenye roboti na nguruwe wa vichekesho, wanachekesha na basi. Robo saa ya mwisho ina rangi na kelele nyingi kiasi cha kuchosha macho ya mwenye umri, na wenye kifafa kinachochochewa na mwanga wana sababu ya kukaa mbali.

Lipo pia suala la wafanyakazi. Studio ya Fleischer iliwahi kukumbwa na mgomo wa miezi mitano mwaka 1937, mjini New York, wachoraji wakidai mishahara na saa za kazi. Baada yake studio ilihamia Miami. Miaka 86 baadaye, filamu ya pili ya mfululizo huu, Across the Spider-Verse, ilipotoka Juni mwaka 2023 na kuingiza karibu dola milioni 690, baadhi ya wachoraji waliwaambia waandishi wa habari kwamba walifanya kazi zaidi ya saa kumi na moja kwa siku, siku saba za wiki, na kwamba wenzao wapatao 100 waliondoka kabla ya kazi kwisha. Wakuu wa kazi hiyo walijibu kuwa kurudiarudia ni jambo la kawaida katika kila filamu. Filamu ya tatu, iliyokuwa imepangiwa Machi mwaka 2024, iliahirishwa. Dola 130 za Cleveland hazijaenda mbali sana.

Steve Ditko alifariki Juni mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 90, baada ya kuishi miongo mingi bila kukubali mahojiano. Stan Lee alifariki tarehe 12 Novemba mwaka huohuo akiwa na miaka 95. Waliachana kikazi mwaka 1966, na swali la nani hasa alimbuni Buibui liliendelea kubishaniwa. Filamu inamalizika kwa kuwashukuru wote wawili, majina yao yakiwa pamoja.

Peter Ramsey, aliyekulia kusini mwa Los Angeles na kuanza kazi kama mchoraji wa michoro ya awali ya filamu kama Fight Club, hakuishia hapo. Julai mwaka 2023 alikuwa mtayarishaji mkuu wa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni kutoka Afrika Kusini, Misri, Nigeria, Zimbabwe, Uganda na Kenya, ulioratibiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town na kuonyeshwa na Disney. Mkusanyiko huo umepewa jina la Kiswahili: Kizazi Moto. Wenye lugha watasema ilipaswa kuwa kizazi cha moto, na wana haki yao. Mmoja wa waongozaji wake ni Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyetengeneza Enkai, jina ambalo Wamasai humwita Mungu. Mwingine ni Raymond Malinga wa Uganda, na filamu yake, Herderboy, inawahusu wachungaji wa ng'ombe wa siku za usoni. Weusi waliomo humo wana majina.